Nani Analipa Kahawa? Kuirudia Friends Ukubwani

Muulize mtu yeyote aliyewahi kuitazama Friends ilihusu nini, atakujibu: Ross na Rachel. Walipendana, wakaachana, wakabishana miaka na miaka kama siku ile walikuwa wameachana kweli au walikuwa wamepumzika tu, wakapata mtoto, wakaja kurudiana dakika za mwisho kabisa. Nami ningejibu hivyohivyo enzi zile tulipokuwa tukiwekewa kwenye flashi na kijana wa duka la muvi, msimu mzima kwa bei ya soda mbili, sauti ikitangulia picha na hakuna anayelalamika.

Nimeirudia sasa, na mapenzi yale yamenichosha mapema. Ross ana wivu wa kumfuata mwanamke ofisini usiku na kikapu cha chakula wakati mwenzake amebanwa na kazi na ameshamwambia hivyo kwenye simu. Zamani tulimwona ni mwanamume anayejua kupenda. Leo namwonea huruma Rachel. Kilichonishika safari hii ni kitu ambacho sikumbuki hata kukiona mara ya kwanza: pesa. Nani anazo, nani hana, nani analipa, nani anajifanya hana njaa kwa sababu ameona bei kwenye menyu.

Kwa wasioifahamu, Friends ilianza kurushwa na NBC ya Marekani tarehe 22 Septemba 1994 na ikamalizika tarehe 6 Mei 2004: misimu 10, episodi 236. Waliotunga ni David Crane na Marta Kauffman, wakisaidiana na mtayarishaji Kevin Bright. Ni vijana sita wanaoishi New York, ingawa karibu kila unachokiona kilipigwa kwenye studio za Warner Bros. huko Burbank, California, mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti. New York yenyewe ni picha ya jengo moja kwenye kona ya mitaa ya Bedford na Grove. Kijiwe chao ni mgahawa wa kahawa, na wana kochi lao la rangi ya chungwa ambalo kwa muujiza fulani huwa halijakaliwa na mtu mwingine.

Pesa imo tangu siku ya kwanza. Rachel anaingia mgahawani na gauni la harusi, amemkimbia bwana harusi, na kabla episodi haijaisha marafiki wamemkalisha mezani kuzikata kwa mkasi kadi za benki zinazolipwa na baba yake. Tulipokuwa wadogo kilichotuvutia ni lile gauni. Mkasi ndio uliokuwa habari yenyewe. Episodi tatu mbele, Rachel, ambaye sasa ni mhudumu palepale mgahawani, anapokea mshahara wake wa kwanza. Anaufungua kwa furaha, kisha anaona makato ya hifadhi ya jamii na kuuliza huyo aliyechukua pesa zake ni nani. Yeyote aliyewahi kufungua hati ya mshahara wa kwanza akakuta kodi na mfuko wa pensheni vimeshapita kabla yake anajua kwamba ule si utani mtupu. Jioni hiyohiyo wanakuja kumtembelea rafiki zake wa zamani, wale ambao bado wanaishi kwa baba, mmoja ana mimba, mwingine anaolewa, na Rachel anawatazama akiwa na aproni kiunoni. Waandishi hawakumwongezea hotuba. Wamemwacha na uso wake.

Sasa nifike kwenye episodi ninayoitaka. Msimu wa 2, episodi ya 5, ilirushwa Oktoba 1995. Episodi za Friends karibu zote zina majina ya mtindo mmoja, ile ya hiki, ile ambayo fulani alifanya vile, kwa sababu waandishi walijua watu watazikumbuka hivyo tu hata wakizipa majina gani. Hii ni ile ya steki tano na bilinganya.

Siku ya kuzaliwa ya Ross imekaribia. Mpango umeshapangwa: keki, zawadi, tiketi za tamasha la bendi ya Hootie and the Blowfish. Kila mmoja atoe dola 62. Kamera inawaonyesha Joey, Phoebe na Rachel wakimeza mate. Joey ni mwigizaji asiye na kazi, Phoebe anakanda watu misuli, Rachel anaishi kwa bakshishi za mgahawani. Ross yuko jumba la makumbusho, Chandler yuko ofisini, Monica ni mpishi aliyetoka tu kupandishwa cheo. Wanapiga soga kila siku, wanakunywa kahawa kwenye kochi moja, na kwa mwaka mzima wa kipindi hakuna aliyewahi kusema kwa sauti kwamba watatu wana pesa na watatu hawana.

Usinielewe vibaya, hakuna mtu mbaya hapo. Hilo ndilo linaloifanya iume. Aliyepanga dola 62 hakuwa na nia ya kumdhalilisha mtu; kwake ni hela ya kawaida. Mimi nimekaa kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi za kutosha kujua jinsi mweka hazina anavyoweka orodha ya ahadi, jina na kiasi, na jinsi mtu anavyoandika kiasi asichokuwa nacho kwa sababu jina la juu yake limeandika kikubwa. Hakuna aliyelazimishwa. Orodha inatosha.

Halafu wanakwenda mgahawa mzuri kusherehekea cheo cha Monica. Rachel anaagiza kachumbari ya pembeni. Phoebe anaagiza kikombe cha supu. Joey anauliza kama piza itashuka bei wakiitoa karanga na mboga zake. Wale wengine watatu wanaagiza wanavyotaka. Bili inakuja, na Ross, kwa roho nyeupe kabisa, anapiga hesabu ya kugawa sawa kwa sawa, kisha anakumbuka kwamba Monica ndiye anayepongezwa hivyo asilipe, na mgao unapanda. Phoebe anakataa. Anasema hapana, mbele ya meza nzima, na hapo ndipo mazungumzo yaliyofichwa mwaka mzima yanatoka.

Kuna kitu ambacho ningependa waandishi wetu wa tamthilia wakitazame hapo. Wenye pesa, wakiwa na aibu, wanawanunulia wenzao tiketi za tamasha. Wanadhani wametatua. Wale watatu wanajisikia kama wamepewa sadaka, wanakataa, na ugomvi unakuwa mkubwa kuliko mwanzo. Wenye tiketi wanakwenda tamashani peke yao na wanafurahi, jambo ambalo linawaudhi waliobaki kuliko yote. Kila upande una haki, na episodi haimpi ushindi yeyote. Badala yake inakuja simu: Monica amefukuzwa kazi. Kwenye cheo chake kipya anasimamia manunuzi, muuza nyama amempa steki tano kama asante, na bilinganya kwa ajili ya Phoebe asiyekula nyama, na kazini kwake hiyo inahesabiwa kuwa hongo. Jana alikuwa upande wa wenye nacho, leo anashindwa kuitazama bili ya kahawa yake ya dola nne na senti. Joey anasema kwa fahari aachiwe yeye alipe. Kisha anamgeukia Chandler amkopeshe tano.

Nimeitazama tena na tena, na nikifika hapo nacheka vilevile. Deni la Joey kwa Chandler halitalipwa kamwe, wote wawili wanajua, na hakuna anayelizungumza.

Kilichonishangaza zaidi ni yaliyokuwa yakiendelea nje ya kamera wakati huohuo. Msimu wa kwanza waigizaji wote sita, Jennifer Aniston, Courteney Cox, Lisa Kudrow, Matt LeBlanc, Matthew Perry na David Schwimmer, walilipwa dola 22,500 kila mmoja kwa episodi. Kipindi kilipoota mbawa, mishahara ya msimu wa pili ikaanza kutofautiana. Aniston na Schwimmer, waliobeba yale mapenzi, walikuwa juu ya wenzao. Maana yake walipokuwa wakiigiza meza ile ya bili, hawa waliozungumzia usawa wa mgao wao wenyewe hawakuwa sawa. Mwaka 1996, mikataba ilipofikia kujadiliwa upya, Schwimmer ndiye aliyependekeza waingie kama mtu mmoja, walipwe sawa au wasifanye. Angeweza kudai zaidi peke yake na angepewa. Walitoka na dola 75,000 kila mmoja kwa msimu wa tatu, na wakaendelea kujadiliana kwa pamoja hadi wakafikia dola milioni 1 kila mmoja kwa kila episodi ya misimu miwili ya mwisho. Ross amenichosha, nimeshasema. Aliyemwigiza nimempenda.

Pesa pia ndiyo iliyozaa episodi ambayo wengi wanaiweka kati ya bora kabisa, ile ambayo hakuna aliyejiandaa, ya Septemba 1996. Watayarishaji walitaka kubana matumizi, wakaandika hadithi inayofanyika karibu yote ndani ya sebule ya Monica, bila seti mpya wala safu ya wageni. Ross ana shughuli rasmi ya jumba la makumbusho, anawataka wote watoke kwa wakati, na dakika za kwenye hadithi zinakwenda sawa na dakika za saa yako ukutani. Joey na Chandler wanagombea kiti. Phoebe anamwagikiwa chakula kwenye gauni. Monica amekwama kwenye ujumbe wa simu wa mchumba wa zamani. Rachel hajui avae nini. Kwa nusu saa hakuna anayekwenda popote, na huwezi kuondoa jicho. Joey anatokea amevaa nguo zote za Chandler kwa mpigo mmoja, na mpaka leo picha hiyo inazunguka mitandaoni. Matt LeBlanc aliteguka bega akirukia kile kiti, ndiyo maana episodi inayofuata Joey ana bandeji ya kuning'iniza mkono.

Ningeweza kusema mengi kuhusu ile ya maswali, Januari 1998, ambapo Ross anaandaa chemshabongo ya nani anamjua mwenzake zaidi na Monica na Rachel wanapoteza nyumba yao. Nitasema moja tu. Swali linalowaangusha ni kazi ya Chandler ni ipi. Hawajui. Wanaishi mlango kwa mlango naye, na hawajui. Watu hucheka jibu la kubuni ambalo Rachel analibwata, mimi sasa nacheka kitu kingine: huyu ndiye mwenye mshahara wa uhakika kuliko wote, ndiye analipa picha za kazi za Joey na mara kwa mara kodi yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hizo hela zinatoka wapi. Familia ngapi zina mjomba wa namna hiyo.

Na katikati ya kelele zile Phoebe yupo hospitali akipandikizwa mimba ya mdogo wake, bure, kwa mapenzi tu. Lisa Kudrow mwenyewe alikuwa mjamzito kweli, waandishi wakaitafutia mimba yake nafasi ndani ya hadithi. Inashangaza waliwezaje kuweka mambo hayo mawili katika dakika ishirini na kitu na moja lisiliue jingine.

Kuna Joey kupoteza bima ya afya, Oktoba 1999. Bima ya waigizaji Marekani hutegemea umefanya kazi kiasi gani mwaka ule, na Joey hakufanya ya kutosha. Siku hiyohiyo anapata henia akinyanyua vyuma. Hawezi kwenda hospitali, anakwenda kwenye usaili wa kuigiza huku amejishika tumbo, na mwishowe anapata nafasi ya kuigiza mtu anayekufa, kwa sababu maumivu yake hayahitaji kuigizwa. Kuna mtoto kwenye hiyo filamu anayetakiwa kulia na machozi hayatoki. Joey anamwonyesha henia yake. Mtoto analia. Nilipokuwa na umri wa kutokuugua sikuona lolote hapo zaidi ya kichekesho cha mtu aliyepinda mgongo. Ukishawahi kusimama kwenye dirisha la malipo hospitali ukisubiri kuambiwa kama kadi yako inasoma, inageuka kitu kingine, na bado inachekesha.

Ila kama ningeruhusiwa kubaki na tukio moja tu kati ya episodi 236, ningechukua mchezo wa vikombe. Ni Novemba 1999, Chandler anahamia kwa Monica, anamwacha Joey na kodi ya nyumba nzima. Anataka kumwachia pesa kidogo. Joey hataki, ana heshima yake. Chandler anajaribu kushindwa makusudi kwenye mpira wa mezani, lakini siku hiyo Joey hawezi kufunga hata akipewa lango wazi. Basi Chandler anabuni mchezo wa karata papo hapo, anauita Vikombe, kanuni anazitunga kadiri wanavyocheza, na kila karata Joey anayoiweka, loo, imeshinda, tena imeshinda maradufu. Joey anafurahi kama mtoto. Hajapewa kitu, ameshinda.

Wazee wetu wana adabu ndefu ya kumsitiri mtu. Unapeleka gunia la mahindi unasema gari lilikuwa tupu, unamwachia mtoto wa ndugu noti unasema ya soda. Sikutegemea kuiona imeandikwa vizuri hivyo na watu wa Burbank. Na waandishi, kwa kuwa ni watu wa komedi na hawataki ukae na machozi, wanamleta Ross, Joey anamfundisha mchezo, na Ross anashinda fedha zote. Chandler anarudi na kukuta sadaka yake imeishia kwa profesa mwenye mshahara.

Sitaki kuonekana nimeipamba. Kuna mambo hayavumiliki tena. Utani kuhusu baba yake Chandler, anayeishi kama mwanamke, umezeeka vibaya, na Monica kuvalishwa mwili wa bandia wa mtu mnene ili watu wacheke nimeuruka kila ulipotokea. Nyumba ile pia. Mdogo wangu aliketi nami kidogo, akaitazama sebule ya Monica, akauliza, "Kaka, kwani hawa wanafanya kazi saa ngapi?" Maelezo yapo: mkataba ni wa bibi yake Monica, kodi ni ile ya zamani inayodhibitiwa kisheria, na wanaishi humo kinyume cha taratibu. Wanalitaja hilo msimu wa nne, msimamizi wa jengo anapotishia kuwashtaki. Kwa kipindi kilichoweza kuandika meza ya bili kwa ukweli ule, maelezo ya bibi ni ya mkato.

Jambo zito zaidi ni nani hayumo. New York, na kwa miaka karibu yote hakuna mtu mweusi wa kudumu kwenye lile kochi. Aisha Tyler aliingia msimu wa 9 kama profesa Charlie, akakaa muda mfupi. Kumbe Agosti 1993, mwaka mzima kabla ya Friends, kituo cha Fox kilikuwa kimeanza kurusha Living Single, iliyotungwa na Yvette Lee Bowser: marafiki sita, wote weusi, Brooklyn, na Queen Latifah akiwa Khadijah, mwenye jarida lake analohangaika nalo lisife kwa kukosa fedha. Studio iliyotengeneza ilikuwa ileile ya Warner Bros. Moja ilisukumwa na tangazo kila kona ya dunia mpaka ikafika kwenye flashi yangu. Nyingine nimeitafuta mwenyewe nikiwa mtu mzima. Mwaka 2022 Marta Kauffman alisema hadharani kwamba anaona aibu, akaahidi dola milioni 4 kwa Chuo Kikuu cha Brandeis, alikosoma, kwa ajili ya masomo ya Afrika na Wamarekani weusi. Ni heri kuliko kunyamaza, ingawa waandishi wa Living Single wangefurahia zaidi sehemu ya zile bajeti za matangazo mwaka 1994.

Na kuna Matthew Perry, aliyemwigiza Chandler, aliyefariki tarehe 28 Oktoba 2023 akiwa na miaka 54. Ukijua alivyopambana na uraibu miaka hiyohiyo aliyokuwa akitufanya tucheke, kuna misimu ambayo unaona mwili wake ukipungua na kuongezeka na hutaki kuangalia sana. Lakini muda wake wa kutua neno, jinsi alivyoweka mkazo pasipotarajiwa ndani ya sentensi, bado hakuna aliyeufikia. Tukio la vikombe ni lake. Anadanganya kwa uso wa mtu anayeshangazwa na bahati ya mwenzake, na unaona kabisa anavyompenda.

Kama hujawahi kuitazama, usianze mwanzo kabisa, bado walikuwa wanatafutana. Anza na steki tano na bilinganya. Ukiipenda rudi nyuma kwa mshahara wa Rachel, kisha sebule ya Monica, bima ya Joey, vikombe. Zile za kuungaunga vipande vya episodi za nyuma, kama ya Krismasi ya Chandler kule Tulsa, ziruke zote. Hizo ni kiporo, na waliipika hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kulipia.